Hesabu ya Mavuno: Neno juu ya Kununua na Kuuzisha Motokari

Masomo: Walawi 25:14-16, Mezali 20:14

 

Ndugu mumoja wa hapa Kamina alituletea swali kwenye radio. Yeye na wadogo zake wanaotumika Lubumbashi wamechanga feza wanunue motokari moja ya jamaa. Feza iko karibu kutimia, lakini mapatano hayako. Mukubwa wa jamaa anasema: tununue ile ambayo hata kesho tukitaka kuiuzisha, watu watapiga mbio kuinunua, hata kama bei yake ni ya juu. Muke wa ndugu huyo naye anasema: motokari si mbuzi tunayemunonesha kwa ajili ya soko. Tununue ya bei ndogo, itutumikie, siku ikikufa imekufa. Sasa ndugu anauliza: mutu wa Mungu anaponunua kitu, ni vizuri awaze tayari siku ya kukiuzisha? Hiyo si kukosa imani, au kupenda feza?

Nilipenda swali hili. Wengi wanauliza juu ya mbinguni na hawaulizi juu ya soko, na kumbe siku sita katika yenga tuko sokoni.

Fungua Walawi 25. Mungu anawafundisha Waisraeli namna ya kuuziana mashamba. Kila mwaka wa 50, mwaka wa Yubile, shamba linamurudilia mwenyewe. Basi, anayenunua anapaswa kuhesabu: ni miaka ngapi imebaki mpaka Yubile? Ikibaki miaka mingi, bei inapanda. Ikibaki kidogo, bei inashuka. Na Mungu mwenyewe anatoa sababu: kinachouzishwa pale si udongo, ni hesabu ya mavuno. Zamani nilikuwa naruka mistari hii, nikifikiri ni ya watu wa serikali wanaopima viwanja. Siku moja nikaona kwamba Mungu wetu anajua kitu kinavyopungua bei mwaka kwa mwaka, na hakioni kuwa ni jambo la aibu. Aliamuru watu wake wakihesabu.

Motokari pia ina mavuno yake. Siku inapotoka dukani ikiwa mpya, hesabu inaanza kushuka. Mara nyingi katika mwaka wa kwanza tu inapoteza sehemu ya tano ya bei yake au zaidi, hata kama haijaumia pahali. Lakini ni nani kati yetu hapa ananunua mpya? Zetu nyingi zimekwisha kuliwa mavuno ya kwanza na mutu mwingine kule Japani. Na musifikiri Wajapani wanaziuzisha kwa sababu zimeoza. Kule sheria inataka motokari mpya ya mutu ipimwe kisha miaka 3, halafu kila miaka 2, na kipimo kile kinakula feza. Wengi wanaona heri kununua ingine kuliko kulipa tena na tena. Ndiyo hivi motokari yenye nguvu bado inapanda meli, inashuka Dar es Salaam, inapita Tunduma, inavuka Zambia, inaingia Kasumbalesa, inafika Lubumbashi. Halafu sisi wa Kamina tunabaki bado na zaidi ya kilometa 500, juu ya gari la treni au katika matope. Njiani kote kuna mikono: wenye meli, duwane, dereva, na wengine ambao sitawataja kwenye radio.

Kwa hiyo bei tunayolipa, sehemu kubwa si chuma, ni njia. Na hapa kuna jambo ambalo linashangaza wageni: motokari ya miaka 15, ambayo kule ilikotoka watu wataiona kama mabati, kwetu ina bei nzuri bado. Kwa nini? Kwa sababu anayeitaka anajua kwamba ingine itapaswa kupita njia ile ile ndefu. Njia yetu mbaya inatuumiza siku ya kununua, inatusaidia kidogo siku ya kuuzisha.

Sasa tufanye hesabu ya jamaa ile. Nitatoa mufano tu, si bei ya mutu fulani. Motokari ya kwanza ni dola 9000. Ni aina ambayo kila fundi wa hapa anaijua, vyuma vyake vinapatikana, hata kijana wa garaji chini ya muembe anaifungua macho yakiwa yamefungwa. Kisha miaka 4 mutaiuzisha dola 6000. Imekula dola 3000, ni kusema 750 kila mwaka. Ya pili ni dola 5000. Ni nzuri kwa macho, ina viti vya ngozi, lakini chuma kimoja kikivunjika munapaswa kukiagiza Lubumbashi na kungoja. Kisha miaka 4 hakuna anayeitaka. Munaitoa kwa dola 800. Imekula dola 4200, ni kusema 1050 kila mwaka, na siku za kulala garaji hatujazihesabu. Munaona? Ile ya bei ndogo ndiyo imekula feza mingi. Hapo mukubwa wa jamaa ana haki.

Ndiyo maana Toyota inashika bei kwetu. Si kwa sababu ya jina, ni kwa sababu mafundi wanaizoea na vyuma vyake viko. Na muangalie volani. Japani wanatembea upande wa kushoto, Tanzania na Zambia vilevile, kwa hiyo volani ya kuume iko nyumbani mpaka Kasumbalesa. Ikivuka pale, inaingia katika inchi inayotembea upande wa kuume. Dereva anayetaka kupita kamio anapaswa kuuliza mutu aliyekaa kando yake kama njia iko wazi. Ndiyo maana ile ya volani ya kushoto inaulizwa zaidi na bei yake inasimama. Mukinunua, muhesabu jambo hilo pia, kwanza kwa ajili ya uzima wenu, kisha kwa ajili ya bei.

Lakini mama naye ana haki, na ninataka mukubwa wa jamaa anisikilize vizuri. Ile hesabu ya dola 9000 ni nzuri kwa mutu aliye nazo. Kama dola 4000 za kuongeza zinatoka katika deni, au katika feza ya masomo ya watoto, au katika likelemba ambayo zamu yenu haijafika, basi munanunua bei ya kesho kwa njaa ya leo. Na kama munataka kuitumia miaka 10 mpaka ikufe mikononi mwenu, bei ya kuuzisha inakuwa jambo dogo. Hapo muulize tu kama itatumika na kama vyuma vyake viko. Bei ya kuuzisha ni kubwa kwa yule anayejua atauzisha mapema. Basi swali la kwanza si la motokari, ni lenu: munataka kuivuna miaka ngapi?

Ninajua tunapotoka. Wazee wanakumbuka mwaka 1993, wakati zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Kisha, mwaka 1998, falanga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mutu alilala na feza ya kununua ngombe, akaamuka na feza ya kununua chumvi. Baba zetu walijifunza pale kwamba karatasi inaoza, chuma kinabaki. Ndiyo sababu mpaka leo mutu wa kwetu akipata feza anakimbilia kinga, pikipiki, mabati, motokari. Siwacheki. Lakini chuma nacho kinaoza, ila kinaoza polepole, na Yesu alitaja kutu pamoja na nondo na wezi katika Matayo 6, wakati mmoja. Motokari inayosimama katika kiwanja bila kutumika inazeeka vilevile: mipira inapasuka, batri inakufa, panya wanakula nyuzi. Haichungi feza yenu namna munavyofikiri.

Sasa nitaacha hesabu, niseme jambo langu mwenyewe. Nilimuomba muke wangu ruhusa, akanipa.

Miaka kadha iliyopita nilinunua pikipiki mpya kwa kazi ya Injili. Tangu siku ya kwanza niliwaza kwamba kisha miaka 2 nitaiuzisha. Niliacha nailoni juu ya kiti. Jua liliichoma, ikawa inashika suruali, lakini sikuitosha. Sikupenda kubeba mizigo ya watu. Usiku mmoja wa mvua jirani alikuja, binti yake alikuwa na uchungu wa kuzaa, akaniomba tumupeleke. Nikawaza matope, nikawaza rangi, nikamwambia esanse imekwisha. Esanse ilikuwa ndani. Walimupeleka kwa kinga, mutu mumoja akisukuma, wawili wakishika. Mutoto alizaliwa muzima, Mungu asifiwe, lakini si kwa musaada wangu. Mavuno ambayo Mungu alinipa katika pikipiki ile, niliyaacha shambani, kwa sababu nilikuwa ninachunga shamba kwa ajili ya munununuzi nisiyemujua.

Na haikuishia pale. Kisha miaka 2 moteri ilianza kunywa mafuta na kutoa moshi. Fundi mumoja alinionyesha namna ya kutia mafuta mazito ili moshi upungue siku chache. Nilifanya. Ndugu wa kanisa letu alikuja kuiangalia. Aliona kiti kipya chini ya nailoni, akafurahi, akanilipa dola 550. Mezali 20 inatuchekesha na munununuzi anayedharau kitu mbele ya mwenye kukiuzisha, kisha akiondoka anajisifu. Ndugu huyu hakudharau kitu. Aliniamini kwa sababu nilikuwa mchungaji wake. Ni mimi niliyekwenda nyumbani nikijisifu.

Moteri ilikufa kisha yenga 3. Hakuja kunishitaki. Siku ya yenga aliendelea kukaa kwenye kiti cha pili, akiimba, na mimi juu ya mimbari nilitafuta pahali pa kuangalia. Nilipokuwa ninatayarisha mahubiri juu ya Yubile, nilisoma kwamba mbele ya kusema habari ya hesabu ya miaka, mustari wa 14 unakataza ndugu kumudanganya ndugu katika kununua na kuuzisha. Nilifunga kitabu. Sikuhubiri neno lile siku ile, nilitafuta lingine.

Kwa hiyo, ndugu uliyetuletea swali, hapana, si zambi kuwaza bei ya kesho. Uwaze, uhesabu, uandike kwenye karatasi, na jamaa yote waone. Motokari ikifika, mubebe wagonjwa ndani yake. Mutoshe nailoni. Na siku ya kuuzisha, umwambie munununuzi mavuno yaliyobaki ni ngapi kweli: kama iligonga, kama inakunywa mafuta, kama kipimo cha kilometa kilichezewa na mutu mbele yenu. Bei itashuka. Itashuka mpaka pale inapopaswa kuwa.

Mimi nilikwenda kwa ndugu yule siku ya posho jioni. Tulipiga hesabu pamoja na fundi mwingine: na ugonjwa ule wa moteri, pikipiki ilipaswa kuuzishwa dola 350. Nilikuwa na dola 200 zake. Nilizirudisha kwa mara tatu, kwa sababu sikuwa nazo zote, na aliandika kila mara katika daftari lake, nami nikatia sahihi. Alinunua moteri ingine ya zamani, akaifunga. Pikipiki ile inatembea bado hapa mujini, mumeiona. Kiti chake kimepasuka, rangi imekwisha, inabeba mihogo na inabeba watu, na mwezi uliopita ilimubeba muke wangu mpaka hospitali usiku, bila kulipa.