Soma Mkataba Kwanza: Stima ya Godda, Damu ya Banshkhali na Lamu Yetu



Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wetu kwenye kikao cha baada ya Isha. Wengi mliomba yaandikwe, basi nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni.

Naanza na swali. Habari za India, Pakistan na Bangladesh wewe unazipata vipi? Nikiangalia zinazozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, karibu zote ni za aina moja. Msikiti umevunjwa. Kijana amepigwa kwa sababu ya jina lake. Kashmir imezimiwa intaneti. Ni habari za kweli na sisemi muache kuzisambaza. Msikiti wa Babri ulibomolewa mchana kweupe tarehe 6 Desemba 1992, na Agosti 2019 Kashmir iliondolewa hadhi yake maalum huku watu wamekatiwa simu. Hayo yajulikane. Lakini ukizipata habari za Asia Kusini kwa mlango huo mmoja tu, utadhani kule kila kitu ni Muislamu na Mhindu, basi. Ule mkono unaotia saini hutauona. Leo nataka tuangalie saini moja.

Juni 2015, Narendra Modi alizuru Dhaka, akapokewa na Sheikh Hasina. Modi huyu ni yule unayemjua, kiongozi wa siasa za Uhindu. Hasina wakati huo alikuwa waziri mkuu wa nchi ambayo watu tisa kati ya kumi ni Waislamu. Miezi miwili baadaye makubaliano ya awali yakatiwa saini, na mwaka 2017 ukaja mkataba kamili wa miaka 25: kampuni ya Adani ya India itajenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,600 mahali panapoitwa Godda, jimbo la Jharkhand, na stima yote itauzwa Bangladesh.

Hapo mazingira, uchumi na siasa vimekaa kwenye karatasi moja. Jharkhand yenyewe ina makaa ya mawe tele ardhini, lakini mtambo huu ulipangiwa makaa ya kutoka ng'ambo. Meli inashusha bandari ya Dhamra, treni inabeba mamia ya kilomita hadi Godda, yanachomwa huko, halafu stima inavuka mpaka. Majivu yanabaki kwa wakulima wa Godda, wengi wao Wasanthal na watu wa tabaka la chini, waliolalamika kwamba mashamba yao yalichukuliwa kwa nguvu. Bili inakwenda Dhaka.

Na bili yenyewe ni ya ajabu. Mkataba ulifichwa miaka kadhaa. Mwisho wa 2022 gazeti la Washington Post likaupata, kurasa 163, na wataalamu wakaupitia. Wakakuta kwamba Bangladesh italazimika kulipa takriban dola milioni 450 kwa mwaka hata kama mtambo hautazalisha stima yoyote. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu huchoka wakaacha kusoma. Ni kama umekodi tuktuk ikae nje ya mlango wako miaka 25. Upande usipande, pesa ya siku inatoka. Na ukipanda, mafuta ni juu yako, kwa bei anayoitaja dereva. Mapema 2023 shirika la stima la Bangladesh lililalamika kwamba makaa yanahesabiwa karibu dola 400 kwa tani, wakati bei waliyoiona ya haki ilikuwa chini ya 250.

Tuvuke tuingie Bangladesh kwenyewe, maana kuna watu watasema tatizo ni Adani, tatizo ni India. Haya. Kuna sehemu inaitwa Banshkhali, wilaya ya Chattogram, ufuoni mwa bahari. Huko mtambo mwingine wa makaa ya mawe ulijengwa na S Alam, kundi la makampuni la Kibangladeshi, pamoja na washirika wa China. Mwenye nalo ni Muislamu. Aprili 2016 wanakijiji waliandamana kupinga mradi, wakapigwa risasi, wanne wakafa. Ukajengwa tu. Halafu ikaja tarehe 17 Aprili 2021, siku za mwanzo za Ramadhani. Wafanyakazi waligoma. Walitaka mishahara yao iliyocheleweshwa, na walitaka saa za kazi zipunguzwe kwa sababu wamefunga, wapate nafasi ya kufuturu. Polisi wakafyatua risasi. Watu wasiopungua watano walikufa.

Wamefunga. Wanaomba muda wa futari. Wanauawa na polisi wa serikali ya Waislamu, kwenye mtambo wa tajiri Muislamu. Na kwenye magrupu yetu siku zile? Mimi sikuona hata mtu mmoja aliyeisambaza. Habari haikuwa na adui tuliyemzoea, ikapita.

Kundi hilohilo ndilo lililoingia mwaka 2017 kuidhibiti Islami Bank, benki kubwa kabisa ya Kiislamu nchini Bangladesh. Baada ya serikali ya Hasina kuanguka, gavana mpya wa benki kuu, Ahsan Mansur, alisema wazi kwamba benki zilichukuliwa kwa msaada wa majasusi wa jeshi, na akakadiria kwamba mwenye kundi hilo na washirika wake walitorosha si chini ya dola bilioni 10. Kundi hilo limekana. Kesi ziko huko, waache waamue. Lakini jina la "Kiislamu" juu ya mlango halikuilinda amana ya mtu hata mmoja. Sisi tunaoweka pesa kwa sababu tumeona neno halal kwenye bango, tulitafakari hilo.

Sasa, haya yote mimi nimeyajuaje? Sijawahi kufika Dhaka. Nimeyajua kwa sababu kuna watu waliyaandika, na wengi wa watu hao ni waandishi huru: hawana ajira, wanalipwa kwa makala, hawana wakili wa kampuni. Anapanda basi mwenyewe mpaka kijijini, anarudi na daftari, anatafuta gazeti la kumchapishia.

Bei wanayolipa ni kubwa. Paranjoy Guha Thakurta alikuwa mhariri wa jarida la Economic and Political Weekly huko India. Mwaka 2017 jarida lilichapisha makala kuhusu kanuni za serikali zilizodaiwa kuinufaisha kampuni ya Adani. Ikaja barua ya mawakili. Wadhamini wa jarida wakaamuru makala iondolewe, yeye akajiuzulu. Tangu hapo amekuwa akiandika kwa kujitegemea huku akizunguka mahakamani na kesi kadhaa za kuchafua jina. Dhaka, mpiga picha Shahidul Alam alikamatwa nyumbani kwake Agosti 2018, saa chache baada ya kuhojiwa na Al Jazeera kuhusu maandamano ya wanafunzi, akakaa ndani siku 107. Mushtaq Ahmed, mwandishi, alikamatwa Mei 2020 kwa maneno ya Facebook kuhusu jinsi serikali ilivyoshughulikia korona. Alinyimwa dhamana mara kadhaa. Akafia jela Februari 2021.

Na damu moja kati ya hizo imemwagika kwetu. Arshad Sharif, mwandishi wa Pakistan, alikimbia kesi za uchochezi kwao, akaja Kenya kutafuta usalama. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022 polisi wetu walilipiga risasi gari alilokuwamo huko Kajiado. Walisema wamekosea gari. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado iliamua kwamba mauaji yale yalikuwa kinyume cha sheria, na ikaamuru mjane wake alipwe fidia ya shilingi milioni 10. Kwa hiyo usiniambie mambo ya Asia Kusini yako mbali.

Mwaka 2024 wenyewe mnaukumbuka. Wakati sisi bado tunazika wenzetu wa Juni 25, vijana wa Bangladesh nao walikuwa barabarani wakipinga mgao wa kazi za serikali. Wao walimwagiwa risasi zaidi. Umoja wa Mataifa ulikadiria huenda watu 1,400 waliuawa kati ya Julai 1 na Agosti 15. Agosti 5 Hasina akapanda helikopta, akakimbilia India. Vijana wakaingia ikulu wakabeba mpaka viti.

Hasina akaondoka. Mkataba ukabaki. Kabla hata miezi mitatu haijaisha, Adani ikapunguza stima inayopeleka Bangladesh kwa sababu ya deni la mamia ya mamilioni ya dola, na serikali mpya ya Muhammad Yunus ikaanza kutafuta pesa za kulipa saini ya mtu aliyekwisha kimbia. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu na sisi tunapenda sana kusema fulani lazima aende. Sawa, aende. Karatasi alizotia saini je?

Kampuni hiyohiyo ilikuja hapa. Mpango wake wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliwekwa hadharani mtandaoni Julai 2024 na Nelson Amenya, kijana Mkenya aliyekuwa akisoma Ufaransa. Hakuwa mbunge, alikuwa na nyaraka tu. Oktoba ukaja mkataba wa nyaya za stima, dola milioni 736 kwa miaka 30, mahakama ikausimamisha. Novemba 21, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumfungulia Gautam Adani mashtaka ya hongo, ambayo kampuni inayakana, rais akafuta yote mawili.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Lamu. Wadogo zangu ambao mlikuwa shule ya msingi wakati ule, mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa Kwasasi, wakati nchi nzima hata saa ya matumizi makubwa haikufika megawati 2,000. Makaa ya kuanzia yangeagizwa ng'ambo, kama ya Godda. Mwaka 2019 wachambuzi wa taasisi ya IEEFA walipiga hesabu ya mkataba: dola milioni 360 kwa mwaka, stima itumike isitumike, kwa miaka 25. Tuktuk ileile! Wavuvi, akina mama na wazee wa Lamu kupitia Save Lamu walikwenda mahakamani, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wengi husema Lamu ilishinda kwa maandamano. Maandamano yalisaidia. Lakini mimi nawaambia walishinda kwa sababu kuna watu walikaa chini wakaisoma ripoti ya mazingira, kurasa na kurasa, wakaonyesha mashimo yake.

Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni ya 282 ya Al-Baqara, nayo inahusu kuandika deni. Waulizeni masheikh wenu wawafafanulie, mimi si sheikh. Ninachojua ni kwamba deni la taifa linaandikwa gizani, na anayelilipa ni mama anayenunua tokeni za stima za shilingi 100.

Sheria tunayo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa wewe raia haki ya kuomba nyaraka kutoka kwa shirika la umma. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza unazitakia nini. Wana siku 21 kujibu. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman.

Jumamosi hii baada ya Asr tunaandika barua ya kwanza pamoja, kuiomba Kenya Power mikataba ambayo inalipia hata isipochukua stima. Njoo na kitambulisho. Unayesoma uhasibu au sheria, tunakuhitaji sana, njoo mapema. Na kama kuna yeyote kati yenu anayeandika, anayepiga picha, anayezunguka vijijini kwa nauli yake mwenyewe, jitambulishe mlangoni, tumeshaanza kuchanga nauli.