Kijiji Kimeulizwa?

Ndugu msikilizaji, amri ya mwaka 2025 ya aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, umeshaisikia. Shughuli 15 za biashara zilifungwa kwa wasio raia, na watu wakabishana kuhusu maduka ya Kariakoo, miamala ya simu na saluni. Majirani zetu wa Kenya nao walilalamika. Kazi yetu ya redio nayo imo kwenye orodha hiyo. Lakini kuna mstari mmoja ambao haukupigiwa kelele, nao ndio unaotukosesha usingizi hapa Mnyuzi, wilayani Korogwe: udalali wa mali isiyohamishika, yaani nyumba, viwanja na mashamba.

Kumzuia mgeni asiwe dalali wa ardhi yetu ni jambo jema, na kituo hiki kinaliunga mkono. Mgeni akikamatwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita. Raia atakayemsaidia ni milioni tano au miezi mitatu. Sawa. Sasa tuulizane: dalali ambaye ni raia, kijana wetu, mzaliwa wa hapa hapa, mwenye simu na bando la wiki, yeye amewekewa utaratibu gani? Mthamini wa ardhi ana sheria yake ya mwaka 2016 na bodi yake. Mpima ardhi anasajiliwa. Wakili anasajiliwa. Dalali anayetangaza shamba la kijiji mtandaoni hana sheria yake mahsusi. Ana namba ya simu tu.

Matangazo yenyewe mnayafahamu, yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram. Yanafanana. Shamba linauzwa Mnyuzi, Korogwe, ekari 40, linapakana na mto, lami iko karibu, udongo mweusi, linafaa machungwa, mkonge na ufugaji. Halina mgogoro. Maongezi yapo. Wahi. Chini yake picha kadhaa, na siku hizi video iliyopigwa na droni, na muziki juu yake.

Tuliangalie tangazo hilo kwa macho ya mtu wa hapa. Kitongoji hakikutajwa. Muuzaji hakutajwa. Nyaraka hazikutajwa. Kwenye kona ya picha kuna njia ya miguu, na njia ya miguu haichongwi na swala. Hiyo ndiyo wanayopita kina mama wakitoka kuchanja kuni. Nyuma kuna mstari wa mkonge uliopandwa kwa kunyooshwa. Kwetu mstari huo mara nyingi ni mpaka. Mpaka wa nani na nani? Je, huko nyuma ni shamba la mtu, au ni eneo la shamba kubwa la mkonge lenye hati yake? Wanasema linapakana na mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wanasema lipo barabarani. Barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Toa mto, toa barabara, toa njia ya kina mama, kisha uhesabu tena ekari zako 40.

Na juu ya yote hayo, swali la kwanza halikuulizwa. Kijiji kimeulizwa?

Tangazo hilo halikai kwa dalali mmoja. Wa Mnyuzi analituma kwa wa Korogwe mjini, wa Korogwe kwa wa Tanga, wa Tanga kwa wa Dar es Salaam, na kila anayelipitisha anaweka cha juu. Likifika kwa mnunuzi, bei si ile aliyoitaja mwenye shamba, kama yupo mwenye shamba. Mnunuzi anaambiwa atume kwanza hela ya kwenda kuona. Anatuma. Anaambiwa kuna mteja mwingine njiani, atume na ya kushikilia. Anatuma. Anayefika mwishoni na familia yake anamkuta mzee amekaa mbele ya nyumba yake, hajawahi kusikia kwamba pale alipozikwa baba yake panauzwa.

Kijiji kimeulizwa?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, haina kigugumizi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo inawajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Haki ya kimila ikihamishwa bila kupita kwenye utaratibu huo, uhamisho huo ni batili. Wala si jambo jipya. Mahakama ya Rufani iliamua tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila ridhaa ya uongozi wa kijiji hayana nguvu. Miaka 40 imepita tangu uamuzi huo, na bado watu wanauziana kwa karatasi ya daftari, mashahidi wawili na picha ya kumbukumbu.

Mtatuuliza kwa nini tunalishupalia hili. Kwa sababu sisi wa Mnyuzi tunajua ardhi inavyoondoka. Novemba 1895 amri ya Kaisari wa Ujerumani iliitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya dola. Nani aliyesema haina mwenyewe? Si Mbondei, si Mzigua, si Msambaa. Aliyesema ni aliyeitaka. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na kando yake mashamba ya mkonge yakatandazwa bonde zima. Mwaka 1963, nchi ikiwa huru, njia ya reli ya kwenda Ruvu ikaunganishwa hapa hapa Mnyuzi, na tangu hapo sisi ni njia panda. Anayetoka Tanga anatupitia, anayeelekea Moshi anatupitia, na lami ya Segera haiko mbali. Ndiyo maana ardhi yetu inatamaniwa. Leo tangazo la simu linaandika: pori, halina mtu. Maneno ni yale yale ya 1895, ila safari hii anayeyaandika ni mtoto wetu.

Ndiyo maana hatutaki lawama zote zimwangukie dalali. Ipo mihuri inayogongwa juu ya boneti ya gari. Ipo mihtasari inayoandikwa baada ya hela kulipwa, wajumbe wakafuatwa mmoja mmoja majumbani kuweka sahihi kwa kikao ambacho hakikukaa. Ukiuliza kikao kilifanyika lini, unaambiwa tarehe ipo kwenye muhtasari. Hapo kijiji hakikuulizwa, ila kimesainishwa. Wapo pia watoto wa marehemu walioko mjini wanaouza shamba la urithi kwa simu, huku mama yao mzazi analilima. Na wapo waume wanaoweka nyumba mtandaoni mke akiwa sokoni, wakati Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza.

Dalali mwaminifu yupo, tena wapo wengi. Huyo hutembea na mnunuzi hadi mpakani, huwaita majirani wa pande zote nne, humtaja mwenye shamba kwa jina, hupiga picha ya kigingi kabla ya kupiga picha ya machweo. Huyo anaharibiwa soko na waongo. Huyo ndiye wa kwanza anayehitaji sheria ya udalali, ili jina lake lisajiliwe na asichanganywe na wao.

Basi tunasema, na tunasema kwa sauti: serikali iliyopata nguvu ya kumwondoa dalali mgeni, ipate nguvu ya kumsajili dalali raia! Asiyesajiliwa asitangaze. Tangazo lisilotaja kijiji, kitongoji, aina ya nyaraka na jina la aliyesajiliwa, lishushwe. Waheshimiwa madiwani wa Korogwe na Handeni, msisubiri Dodoma. Mnao uwezo wa kuwaagiza watendaji wenu wabandike kwenye mbao za matangazo kila ombi la kuuza ardhi kabla halijakaliwa kikao, na kila mwanakijiji alisome. Bandikeni!

Kijana wetu dalali, futa leo tangazo la shamba ambalo huwezi kumwonyesha mwenye shamba hilo. Lifute! Kaka na dada mliopo Dar es Salaam, Muscat na kwingineko, mnaotafuta shamba nyumbani, msitume hela kwa ajili ya picha. Ardhi iliyopimwa na kumilikishwa, ombeni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ardhi ya kijiji, nendeni masjala ya ardhi ya kijiji, au mtumeni ndugu mnayemwamini, aulize kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila, iko kwa jina la nani, na kikao cha halmashauri kilikaa lini. Likitokea jambo, baraza la ardhi la kijiji lipo, wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha.

Na wewe mjumbe wa halmashauri ya kijiji unayetusikiliza sasa hivi: wakija nyumbani kwako usiku na karatasi ya kikao ambacho hukukaa, usiweke sahihi.