Injini Isiyochanganya



Leo tutazame jahazi lililotia nanga Bagamoyo, limekwisha kupakia, lataka kuvuka kwenda Unguja. Injini ya dizeli imewaka, inanguruma taratibu. Nahodha akisukuma mkono wa mafuta, injini haichanganyi. Je, aondoke hivyo hivyo? Hapana! Mpaka mjini Unguja ni kilometa 40 na ushei, na huko kati hakuna pa kushuka.

Injini isiyo na mzigo hula mafuta kidogo mno. Hata njia iliyokaribia kuziba huitosha. Ikitakiwa nguvu, ndipo upungufu huonekana.

Kwanza toa gia. Ikichanganya bila gia, zima injini, tazama rafadha. Huenda imejizongea kamba au kipande cha wavu.

Isipochanganya, fuata waya utokao kwenye mkono wa mafuta. Je, wavuta mpaka mwisho kule kwenye pampu? Kisha legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa kuingia, na injini ikapata nguvu, basi kitundu cha pumzi kimeziba. Kukizibua ni kazi ya msumari. Na wako wanaofungua pampu nzima kabla ya kukitazama!

Bado? Zima injini, nenda kwenye chujio la mafuta. Tangi lisilojaa hutoka jasho ndani wakati wa usiku. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Legeza skrubu ya chini ya chujio, yamwagikie koponi. Chujio likiwa chafu, weka jipya. Kisha toa hewa: legeza skrubu ya juu, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, ukaze. Povu likibaki, pampu huligandamiza lenyewe, mafuta yasiende.

Lakini mabomba ya nozeli msiyafungue wala kuyapapasa injini ikizunguka. Dizeli itokayo hapo hupenya ngozi, na kidonda chake, hata kikiwa kama tundu la sindano, ni cha kupelekwa hospitali saa ile ile.

Moshi mweusi ni habari nyingine: mafuta yapo, hewa haitoshi. Safisha chujio la hewa.

Gari la dizeli la kunyanyulia mizigo bandarini Dar es Salaam huugua vivyo hivyo, ila halina rafadha.

Mwalimu, andika ubaoni: chujio, tangi, povu, moshi. Kila mmoja asome, kisha aandike sentensi moja.