Mtaro wa Kwenda Shuleni Upite Milangoni kwa Watu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule.)



Nimepewa dakika ishirini, na Ndugu Katibu ameniahidi kwamba ikifika ya ishirini na moja atagonga kengele. Kengele yenyewe naona ni ileile ya rimu ya gari tuliyokuwa tukiikimbia alfajiri, kwa hiyo nitaitii.

Mwaka jana mkutano huu uliamua kwamba tuchange fedha ili shule yetu ivutiwe intaneti ya faiba kutoka sokoni. Nami nilinyosha mkono kukubali. Leo nimesimama kuwaomba tuubadili uamuzi ule. Sisemi tuuache. Nasema mtaro uleule uchimbwe, lakini usiwe wa shule peke yake. Uwe wa nyumba zote unazozipitia, na shule iwe mojawapo. Naomba mnisikilize sababu zangu kabla hamjaninyoshea vidole.

Kwanza tuelewane faiba ni kitu gani, maana nimewasikia wengine wakiizungumza kana kwamba ni ndugu wa waya wa umeme. Faiba ni unyuzi wa kioo safi, unene wake milimita 0.125, yaani kama unywele wa kichwani. Ndani yake hakupiti umeme, hupita mwanga. Mwaka 1966 mhandisi Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi katika maabara moja huko Uingereza, walionyesha kwamba kioo kikitakaswa vya kutosha mwanga unaweza kubeba mazungumzo ya watu kwa masafa marefu. Kao alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009, na ilivyo bahati, mwaka huohuo ndipo mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Wakati huohuo Serikali ikaanza kuujenga Mkongo wa Taifa kutoka pwani kwenda mikoani, na TTCL ikapewa kazi ya kuuendesha.

Mimi niliingia Shirika la Posta na Simu mwaka 1979, miaka miwili baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika. Nimefanya kazi na shaba karibu maisha yangu yote. Shaba ina uzito, ina kutu, na ina wezi. Usiku mmoja mtu aliweza kukata nguzo kumi za waya, asubuhi wilaya nzima haina simu. Faiba haina shaba hata chembe, lakini mwizi hajui hilo mpaka amekwisha kuichimbua na kuikata. Naomba mlikumbuke jambo hili, nitalirudia.

Sasa, mkongo umekwisha kupanda huku mlimani, umefika sokoni kwa ajili ya minara ya simu. Kutoka sokoni hadi lango la shule ni kilometa 4. Nimezipima kwa miguu na kwa kamba. Unyuzi mmoja tu wa faiba ukitoka kwenye mtambo unaweza kugawanywa kwa kisanduku kidogo ukahudumia nyumba 32, au hata 64, na kisanduku hicho hakihitaji umeme wowote kufanya kazi yake. Nyumba ya mwisho inaweza kuwa umbali wa kilometa 20 kutoka mtambo. Kwa upande wa utaalamu, basi, kijiji chetu si mbali hata kidogo. Kipo mlangoni.

Kwa nini basi hakuna kampuni inayotuletea? Kwa sababu ya udongo. Watu hudhani gharama kubwa ni kile kioo na ile mitambo. Sivyo. Sehemu kubwa ya fedha huishia katika kuchimba, kufukia, kupasua mwamba, na kutafuta ruhusa ya kupita katika shamba la fulani na mbele ya nyumba ya fulani. Mjini mtaro wa mita 100 unapita mbele ya wateja pengine 20. Kwetu unapita mbele ya mgomba, kahawa, na nyumba moja. Mwenye kampuni akipiga hesabu hiyo anafunga daftari lake, wala mimi simlaumu.

Lakini wapo waliopiga hesabu hiyohiyo kwa njia nyingine. Huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, katika mabonde ya wafugaji wa kondoo na ng'ombe, watu walichoka kungoja makampuni, na mwaka 2011 wakaanzisha ushirika wao uitwao Broadband for the Rural North. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Barry Forde, mtaalamu wa mawasiliano ya kompyuta aliyekuwa Chuo Kikuu cha Lancaster. Mwingine alikuwa Chris Conder, mke wa mkulima. Wenye mashamba waliruhusu bomba lipite katika ardhi yao bure. Wenye matrekta walileta matrekta. Wasio na kitu walileta majembe, na wengi walichimba wenyewe mtaro wa kutoka ukingo wa shamba hadi ukutani mwa nyumba zao. Mtaji waliupata kwa kuuziana hisa wao kwa wao. Bomba likishatandazwa, unyuzi husukumwa ndani yake kwa upepo wa mashine. Leo ushirika ule umeunga nyumba zaidi ya 10,000, na kila nyumba inapata gigabiti 1 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Wapo watu wa London ambao hawana hivyo.

Siwataji Waingereza hao ili tuwashangae. Sisi Wapare tulikuwa na ndiva kabla hawajaja. Mzee wangu alikuwa akigombana na majirani kwa mambo mengi, mipaka, mbuzi, mahari, lakini sikumbuki hata mara moja mtu kuuziba mfereji wa ndiva. Kwa nini? Kwa sababu kila aliyepitiwa na mfereji alikuwa na zamu yake ya maji. Alipoitwa msaragambo wa kuuzibua alikwenda, na asipokwenda alijua atatozwa. Mfereji uliokuwa ukipita kwa watu kumi bila kuwapa maji ili umfikie wa kumi na moja, huo usingedumu hata kiangazi kimoja.

Jambo hili sikulijua kwa akili. Nimefunzwa, na niliyenifunza ni mimi mwenyewe kwa ubinafsi wangu.

Miaka mitatu iliyopita niliomba faiba nyumbani kwangu. Kampuni moja, ambayo sitaitaja maana bado nalipa ankara zake, ilinivutia waya juu ya nguzo za miti kutoka sokoni, kilometa moja na nusu. Nililipia mwenyewe kwa pensheni. Fundi alitoboa ukuta, akaweka kile kisanduku chenye taa za kijani, na jioni ile nikaongea na mwanangu aliye ng'ambo nikimwona uso bila kukwama. Nilijiona bwana mkubwa. Yalikuwapo matatizo madogo: mjukuu wangu aliona waya wa ndani unaning'inia vibaya, akaukunja fundo zuri na kuutundika msumarini, intaneti ikalegea wiki nzima, maana mwanga haupendi kona kali. Umeme ukikatika kisanduku nacho huzimika, mpaka nilipokifungia betri.

Ndipo masika ikaja, mkaratusi ukaanguka na kuuvuta waya hadi chini. Kampuni ilikuja baada ya siku 23. Lakini si hilo ninalotaka kusema. Katika siku zile 23 waya ule ulilala mbele ya lango la jirani yangu. Ulikuwa haujakatika, umelala tu. Ulimsumbua kupitisha ng'ombe wake. Siku ya nne akachukua panga akaukata, akavifungia vipande viwili kandokando ya njia, vizuri kabisa. Nilipomwuliza alinijibu kwa adabu: "Mzee, waya ni wako. Sisi hautuhusu."

Nilikasirika mpaka usiku. Kisha nikakumbuka kwamba binti yake, aliyemaliza kidato cha sita, alikuwa akija kukaa barazani kwangu na simu yake ili ajaze maombi ya mkopo wa elimu ya juu, kwa sababu siku hizi hayajazwi kwa karatasi. Nilikuwa nikimpa nywila kama ninayempa pipi. Waya ulipita mlangoni kwao, na yeye aliufuata kwangu. Baba yake alikuwa sahihi. Haukuwahusu.

Sasa tazameni tunachotaka kufanya. Tutavuta faiba kutoka sokoni, ipite mbele ya nyumba 57, nimezihesabu, iingie shuleni. Nyumba zile 57 zitaona vijana wa kampuni wakichimba na kufukia, na hazitapata kitu. Siku maji yatakapomomonyoa kingo na bomba kuonekana, nani atatoa taarifa? Siku kijana atakapodhani ndani yake mna shaba, nani atamkemea?

Na ankara ya kila mwezi? Hapa naomba tuseme ukweli kwa kuwa tuko wenyewe. Tulipotoa zile kompyuta kumi na mbili tulipiga picha, tukalipia intaneti ya mwaka mmoja, tukaondoka. Mwaka ulipokwisha hakuna aliyekumbuka. Mwalimu Mkuu wa wakati ule alituandikia mara mbili. Barua zake ninazo, kwani mimi ndiye niliyekuwa Mweka Hazina. Laini yenye mteja mmoja, tena mteja asiye na fungu, haina maisha. Ikiwa na wateja 20 wanaolipa kidogo kidogo, kampuni yenyewe itakuwa na sababu ya kuleta fundi kabla ya siku 23.

Mtaniambia wananchi hawana fedha. Wengine hawana, ni kweli, na hawatajiunga mwaka wa kwanza wala wa pili. Lakini nendeni dukani jioni mkahesabu vifurushi vya simu vinavyonunuliwa, vya siku moja, vya saa chache, vinakwisha kabla mwanafunzi hajamaliza somo moja la video. Fedha hizo zinatoka mifukoni tayari. Asiyejiunga sasa tumwachie mdomo wa bomba mlangoni pake, umefungwa kwa kizibo, siku yake ikifika asidaiwe mtaro.

Wengine watasema dishi la satelaiti. Majirani zetu wa Kenya wanayatumia tangu mwaka 2023, na kwa aliye peke yake porini sina ubishi. Ila kila nyumba itanunua dishi lake, na la kwangu halitampunguzia jirani hata senti. Na faiba nayo isiabudiwe: mwezi Mei 2024 mikongo ile miwili ya baharini ilipokatika upande wa Afrika Kusini, nchi yetu ilikaa siku kadhaa intaneti ikisuasua, na taa zangu za kijani zilikuwa zinawaka bure.

Nimepiga hesabu ya kazi. Mita 4,000 ukizigawa kwa nyumba 57 ni kipande cha mita 70 kwa kila nyumba. Katika udongo wetu mwekundu mtu mmoja mwenye jembe na sururu huchimba mita 7 kwa siku, akishuka hadi kiunoni. Hizo ni siku 10, na nyumba nyingi zina watu zaidi ya mmoja. Fedha zetu tulizochanga zisiende kwenye udongo huo. Zinunue bomba, zilipie mashine ya kupasulia mwamba wa pale darajani, na zichimbe kwa niaba ya wajane na wazee wasiojiweza. Bomba liwe mali ya kijiji. Kioo na huduma viwe vya kampuni yenye leseni ya TCRA, maana sisi hatuna ruhusa ya kuuza intaneti, nayo ilipe kijiji kodi ya kupita humo. Mahali mtaro unapokatiza barabara tutaiandikia TARURA. Serikali ya kijiji nimeshaiona. Wanasema jambo liletwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na hivyo ndivyo inavyostahili.

Nyumba 54 zimekubali. Yule jirani yangu wa panga amekubali wa kwanza, na ameomba vipande viwili kwa kuwa ana vijana. Mbili zinangoja wenyewe warudi kutoka Dar es Salaam. Moja imekataa: mtaro ungepita karibu mno na makaburi ya wazee wao, na mama mwenye mji ana haki. Tutauzungusha upande wa juu. Ni mita 30 zaidi, na hizo nimejiandikia mimi.

Kesho asubuhi saa mbili, baada ya chai, nitaitembea njia yote kutoka sokoni, nikiwa na kamba na vigingi. Mwenye kutaka tufuatane avae viatu vya matope, maana kile kidaraja cha miti cha pale kijitoni kimechukuliwa na maji, tutavuka kwa miguu.

Naona Ndugu Katibu ameshika chuma.