Suti si Utumwa, Wala si Uhuru



Wako wazee wetu ambao wakimwona kijana aliyevaa suti nyekundu, kofia na kiko mdomoni, husema, "Huyu amepotea." Leo twawaomba tutazame ng'ambo, kwa jirani zetu wa Kongo, kabla hatujahukumu.

Katika mtaa wa Bacongo, mjini Brazzaville, na ng'ambo ya mto huko Kinshasa, wako watu wa La Sape. Wanapenda muziki na mavazi, nao wana kanuni zao: nguo isizidi rangi tatu, mwili uwe safi, lugha iwe ya adabu, na mwenye kuvaa vizuri hapigani.

Je, jambo hili lilitoka wapi? Lilianza katika ukoloni. Baadhi ya maboi walipewa nguo kuukuu za mabwana zao badala ya fedha. Walichoka kuvaa makombo, wakadunduliza wakanunua zao mpya. Wengi wa Brazzaville humtaja André Matsoua kuwa mzee wa umaridadi huo. Bwana huyu alianzisha chama cha Amicale huko Paris mwaka 1926 kutetea haki za Waafrika, akafia kifungoni mwaka 1942. Basi nani atasema suti ilimfanya kibaraka?

Kinshasa nako, katika miaka ya 1970, Mobutu alikataza suti na tai, akaamuru watu wavae abacost. Papa Wemba, aliyeunda bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, alipanda jukwaani na mavazi ya Ulaya na Japani, na vijana wakamfuata. Serikali iliyokataza tai haikukataza wakubwa wake kula mali ya nchi.

Na sisi tusijisahau. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ili kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikomeshwe. Wasichana walisumbuliwa barabarani Dar es Salaam. Ubeberu haukurudi nyuma hata hatua moja kwa sababu ya sketi iliyochanwa.

Lakini vijana nanyi tuwaambie kweli. Tangu mwaka 1917 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima wa Kongo kulima pamba, na sehemu kubwa ikapelekwa Ulaya. Babu alilima kwa kiboko. Mjukuu ainunua pamba kwa deni, imekwisha kuwa suti. Anayelala chumba cha kupanga, watoto hawana ada, naye avaa viatu vya Weston kutoka Ufaransa, amtajirisha nani? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Na ya mkopo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo hatusemi vijana wavae magunia. Umaridadi ni heshima, na mtu aliyedharauliwa ana haki ya kujipamba. Twasema: pendeza, lakini mpe kazi fundi cherehani wa mtaani kwako. Nasi wazee na viongozi tuache mikasi, tudai viwanda vitakavyosokota pamba yetu hapa hapa. Siku kijana atakapotembea kwa madaha ndani ya suti iliyolimwa, iliyofumwa na kushonwa nyumbani, hakuna atakayemwita mpotevu.