Ndovu wa Usiku, Ndovu wa Mchana: Familia Ziwa Jipe



Mtoto wa Mahoo humjua ndovu kabla ya kumwona. Humsikia usiku migomba ikivunjika, baba akipiga debe na majirani wakimulika tochi. Asubuhi huona nyayo shambani, na mama akihesabu hasara. Wakati huohuo, wageni hutoka mbali na kulipa pesa ili wamtazame mnyama yuleyule.

Ndovu wa mchana yuko karibu. Ziwa Jipe liko kusini mwa mji wa Taveta, mpakani na Tanzania, na linapakana na Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Magharibi, iliyoanzishwa mwaka wa 1948. Maji yake huletwa na Mto Lumi, mto ambao kila mkulima wa Taveta anaujua.

Familia inayotaka kwenda na kurudi siku moja ijipange mapema. Ada hulipwa kwa eCitizen kabla ya safari, na mzazi abebe kitambulisho. Gari likiwa ghali, jamaa na majirani wanaweza kuchanga wakodishe matatu. Waondoke alfajiri, kabla jua halijawa kali. Kiangazi ndovu hushuka ziwani kunywa maji. Mnandi na korongo huonekana kwenye matete, na ng'ambo ya maji husimama Milima ya Pare.

Maji ya delmonte au soda visibebwe katika chupa za plastiki za kutupwa. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga.

Usalama ndio kwanza. Watu wasishuke garini ila mahali paliporuhusiwa. Watoto wasicheze ukingoni, wala kunawa mikono ziwani: mamba hulala kama gogo. Kiboko hukaa majini mchana, na jioni hutoka kula nyasi. Anayesimama kati yake na maji yuko hatarini. Ndovu mwenye mtoto asikaribiwe hata kidogo. Kabla ya magharibi, kila familia iwe njiani kurudi nyumbani.

Ziara haifuti hasara ya shambani. Mnyama akiharibu mazao au kujeruhi mtu, taarifa ifikishwe mara moja kwa KWS na kwa chifu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inatambua fidia, ikiwemo shilingi milioni 5 kwa familia iliyopoteza mtu.

Lakini zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo. Mtoto wa leo ataishi na ndovu maisha yake yote. Akimwona mchana, akiongoza mtoto wake kwenda majini, atajua kwa nini asimsogelee, na kwa nini asimchukie.