Kifua cha Mzazi ni Haki ya Mtoto Njiti

Mawaidha kwa Waislamu wa Kabasa, Mkoa wa Mara

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mada yetu ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba, ambaye watu wamezoea kumwita njiti. Tumeichagua kwa sababu bado yapo maneno ya kumkatia tamaa: kwamba huyo ni mgeni wa siku mbili, na kwamba mama asikae hospitalini akaliacha shamba. Maneno hayo hayana msingi katika dini wala katika elimu ya tiba.

Tuanze na dini. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Mwenyezi Mungu ameujumlisha muda wa mimba na wa kunyonyesha kuwa miezi 30. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, ametaja miaka miwili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuikamilisha. Wanavyuoni walipotoa 24 katika 30 walibakiwa na miezi 6, wakahukumu kuwa huo ndio muda mfupi kabisa wa mimba. Kwa hiyo sheria ilikwishamtambua mtoto huyu tangu zamani. Akizaliwa hai ana nasaba na ana urithi. Na akifa baada ya kulia, anaoshwa na kusaliwa. Ikiwa tunakubali kumsalia akiwa maiti, vipi tukatae kumhudumia akiwa hai?

Ama elimu ya tiba, mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Colombia, daktari Edgar Rey alikabiliwa na uhaba wa mashine za kuwahifadhia joto watoto wachanga. Akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo ikaitwa ya kangaroo, kwa jina la mnyama abebaye mwanawe katika mfuko wa tumbo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa mtoto dhaifu sana asubiri kwanza hali yake itulie. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021 ulibadilisha rai hiyo. Ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa watoto wenye kilo 1 hadi pungufu ya kilo 1.8. Katika siku 28 za mwanzo, waliowekwa kifuani mapema walikufa 12 katika kila 100. Waliosubirishwa walikufa karibu 16. Mwaka 2022 Shirika hilo likaelekeza huduma ianze mara baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Sababu zake ziko wazi. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo joto humtoka upesi. Mwili wa mzazi humrudishia. Pumzi yake hutengemaa, na ziwa liko karibu. Huvuliwa nguo, akaachiwa nepi, kofia na soksi, akasimamishwa wima kifuani, uso umegeuzwa upande ili apumue, kisha akafungwa kwa khanga. Wala jambo hili haliondoi haja ya dawa, oksijeni na uangalizi wa wauguzi.

Wapo wanaosema mama mwenye nifasi ni najisi. Hapana. Damu ndiyo najisi. Mwili na jasho lake ni tohara. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisoma Qur'ani ameegemea mapajani mwa Bibi Aisha (r.a.) akiwa katika hedhi. Wapo pia wanaume wanaoona haya. Aurati ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, basi kifua chake hakina lawama. Mama akichoka au akiwa mgonjwa, baba ashike zamu. Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama. Na Aqra bin Habis alipojigamba kuwa ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume alimjibu kuwa asiyerehemu harehemewi.

Mwaka 2025 sheria ya kazi ya nchi yetu ilirekebishwa, likizo ikaongezwa kwa mwajiriwa aliyejifungua mtoto njiti. Lakini mama wa Kabasa anayelima mihogo na pamba hana mwajiri wa kumwandikia likizo. Likizo yake iko mikononi mwa mumewe, mama mkwe na majirani. Asipopewa, atamtua mtoto kitandani ili akapalilie, na baridi ya usiku mmoja yaweza kuwa ndiyo ajali ya mtoto huyo.

Kwa hiyo tunausia mambo matatu. Kwanza, mume asimwondoe mkewe hospitalini kabla ya kuruhusiwa, awe Bunda, Musoma au Mwanza. Pili, jamaa wa msikiti wapange zamu ya kumpelekea chakula, kulima shamba lake na kuwatazama watoto aliowaacha. Tatu, wakirudi nyumbani kifua kiendelee, na mtoto akikataa kunyonya, akipoa, akiwa manjano au pumzi ikimpanda, arudishwe hospitalini saa hiyo hiyo.

Mtoto ni amana, na amana haipunguki thamani kwa udogo wake. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzitunza amana zao. Amin.

Wabillahit-tawfiq.